Mchele Wenye Kwao

Mlingotini, Mbegani
12 Novemba 2023

Dada Somoe,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji Muhammad na watoto hamjambo, na Mama goti lake limepoa. Mimi ni mzima. Bahari nayo imetulia, na kazi yangu ya kukusanya mwani kwa niaba ya kampuni inakwenda.

Mwambie Mama kwamba nimetii. Tangu alipotukatisha siku ile kwa kusema tunapigizana kelele kwenye simu kama watu wanaogombea meza ya samaki, sijathubutu kulitaja bonde kwa mdomo. Alisema tuandikiane, maana kwenye karatasi hakuna atakayemkata mwenziwe kauli. Basi naandika. Barua nampa Ausi, yule anayeleta samaki wakavu huko Fukayosi. Ikinuka papa usinilaumu mimi.

Sasa nisikilize mpaka mwisho, maana leo huna namna ya kunikatiza.

Bonde alilotuachia marehemu baba ni letu sote wawili. Bwana Kibwana, yule mwenye trekta, anataka tumkodishe. Atalima mpunga, atavuna kwa mashine, atapakia lori aende nao Dar. Sisi tutapokea kodi yetu tumekaa. Wewe unaniambia bonde halikodishwi. Kwa nini? Kila mwaka unainama humo pamoja na nusu ya kijiji, mnavuna, mnagawana, mnakula, mwaka unakwisha, na nyumba ya Mama bado inavuja palepale. Shamba la kula tu halimwinui mtu, dada. Linamzungusha pale alipo.

Tazama huku. Mwani hauliwi. Hakuna hata mmoja Mlingotini anayeupika. Wanawake wanaufunga kwenye kamba, wanauvuna, wanauanika, unakwenda nje. Na kwa sababu hauliwi, hakuna binamu anayekuja na kapu kuomba. Mtu anauza chake, anaezeka kwake. Adila, mmoja wa wakulima hapa, kajenga vyumba viwili kwa mwani mtupu, na ukuta wake kaupiga rangi ya samawati, na barazani kapanda asumini.

Fikiri. Kibwana anataka jibu kabla ya mvua za masika.

Nimalizie hapa kwa salamu kwa wote,
mdogo wako Rehani


Fukayosi
3 Desemba 2023

Mdogo wangu Rehani,

Marahaba. Barua imefika ikinuka papa kweli, na paka kaifuata mpaka mlangoni. Sisi wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linanyamaza. Shemeji yako anakusalimu. Mbuzi wetu mwekundu kazaa mapacha, na mmoja watoto wamempa jina lako kwa sababu halali.

Nimesoma mpaka mwisho. Nimemsomea na Mama, yeye akacheka pale penye shamba la kumzungusha mtu. Sijui alikuwa upande gani.

Jibu langu ni hapana. Ngoja nikueleze, na wewe safari hii huna pa kupigia kelele.

Unasema tunavuna, tunagawana, tunakula, kama kwamba hilo ni jambo dogo. Mwaka jana Bi Ashatu kafiwa na mume kabla ya kupalilia. Tulikwenda watu wa mtaa mzima, tukampalilia kwa ujima, akatupikia maharage, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Hakumlipa mtu. Alipovuna alikula, na wanawe walikula. Je, Kibwana angempalilia? Angempa pole, maana ni mtu mwema, kisha angewasha trekta akaenda zake. Bonde hili ndilo linalotufanya tujuane. Likienda kwa Kibwana, mpunga utaota uleule, kwenye tope lilelile, lakini utapanda lori bila kutuaga.

Na wewe mwenyewe mwili huo umejengwa na nini? Na mwani?

Ukuta wa samawati nimeusikia. Asumini nayo nimeisikia. Sikumbuki lini mara ya mwisho ulikumbuka rangi ya ukuta wa mtu. Huyu Adila ni nani?

Kabla sijasahau, bamia huko Mbegani zinauzwaje? Za kijani kibichi, ndogondogo. Nauliza tu.

Dada yako,
Somoe


Mlingotini
21 Januari 2024

Dada,

Shikamoo tena, na mpe mbuzi mwenzangu salamu. Nimekawia kujibu. Joto la mwezi huu limechemsha maji, na mwani kwenye kamba za karibu na ufuko umepauka na kukatika. Wanawake wamehamishia vigingi mbele, kwenye kina, nami nimekuwa nikiwasaidia kubeba kamba. Kazi hiyo haimo katika mkataba wangu. Basi tu, nilikuwa nikipita.

Umeniuliza kuhusu Bi Ashatu, na hapo umenishika. Lakini umeeleza ujima upande mmoja wa sufuria. Nami nikueleze upande wa chini, ule wenye moto.

Unakumbuka kila mwaka tulikuwa tunaanza na shamba gani? La Mjomba Majaliwa. Vijana wote, mvua ya kwanza, shamba la Mjomba. Yeye kwenye kiti chake cha kamba na redio yake, anatuonyesha kwa fimbo yake ya mkwaju wapi tumeacha magugu. Tukimaliza lake ndipo tunakwenda kwa wengine, na la baba linafikiwa mvua imeshazidi. Nilipokuwa kijana nilimwomba gunia moja tu la mpunga niliolima mwenyewe, niuze ninunue baiskeli. Akasema, "Mpunga wa ukoo hauuzwi." Wiki ileile akapata wageni kutoka Msata, wakala gunia lile, wakaondoka wakimsifu kwa ukarimu.

Ukarimu wa nani, dada? Wa mgongo wangu.

Sikuondoka Fukayosi kwa kulichukia jembe. Niliondoka kwa sababu nililima mpaka nikaota ndevu, na bado sikuwa na sauti juu ya punje moja. Huku nikifanya kazi najua changu ni kipi. Hakuna anayeniita mwanangu halafu akala jasho langu. Bosi wangu haniiti mwanangu hata kidogo, nami nalala vizuri.

Bamia zina soko zuri sana, hasa zile ndogo. Wenye mahoteli ya Bagamoyo wanazigombea. Kwa nini unauliza?

Kuhusu yule mtu uliyemwulizia, sina la kusema. Usiniulize tena.

Rehani


Fukayosi
20 Februari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima, alhamdulillahi. Mama kaota kwamba umevaa kanzu mpya na anasema ndoto zake hazimdanganyi. Sitakuuliza tena. Nimesema tu Mama kaota.

Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaisoma tena, nikaenda nayo kisimani. Nilikasirika. Kisha nikakasirika zaidi, maana niligundua sikasirikii wewe.

Kuna jambo sijakwambia. Mimi na wenzangu akina Bi Ashatu tuna bustani ya bamia nyuma ya kichaka cha mikorosho, pale juu ya bonde. Tumeificha. Wake za watu, watu wazima, tunanyemelea kwenda kumwagilia bamia kama tunaiba. Kwa nini? Kwa sababu Mjomba akijua atasema ni za ukoo, na wageni wa Msata watakuja kuzila. Tunataka kuuza. Tunataka bati, tunataka sare za shule, tunataka hela ya kutoa mkobani bila kumwomba mtu. Nilikuwa nakuandikia utamu wa kugawana huku mikono yangu inawasha kwa bamia za kuuza. Ndiyo sababu niliuliza bei.

Sasa sikia kilichotokea. Mvua ya kwanza imenyesha mapema mwaka huu. Mjomba Majaliwa akatuma salamu kama kawaida, kwamba kesho watu waanze kwake. Mimi nikaenda mwenyewe. Nikamkuta kwenye kiti, redio inasoma habari.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Watu wako wapi?"

"Wako kwa Bi Ashatu, Mjomba. Mwaka huu tunaanza na wajane. Lako litafuata, kwa zamu."

Akazima redio. Unajua hajawahi kuizima wakati wa habari.

"Zamu? Tangu lini hapa kuna zamu?"

"Tangu Rehani aandike barua."

"Na kasema nini huyo?"

Nikamsomea. Yote. Baiskeli, gunia, wageni, na mkwaju. Akasema, "Kiti kile hakikuwa cha kamba. Kilikuwa cha ngozi." Akaniambia niende.

Nikaenda, na njiani nikaanza kucheka peke yangu, nikacheka mpaka Bi Ashatu akadhani nimepandwa na shetani. Nimejiona mwepesi, Rehani. Nikapita moja kwa moja kwa Kibwana. Nimempa mkono. Bonde letu lote atalima yeye mwaka huu. Kodi yake tutanunulia mashine ya kuvuta maji kutoka kisimani, na bamia zetu tutazilima juani, mbele ya macho ya watu.

Umeshinda, mdogo wangu. Furahi.

Somoe


Mlingotini
22 Februari 2024

Dada yangu Somoe,

Shikamoo, shikamoo, na nyingine ya akiba. Sijangoja jibu lako. Nimemvizia Ausi kabla hajapakia baiskeli, na naandika kwa haraka.

Usimpe Kibwana bonde! Nakuomba. Nimekosea hesabu yangu yote ya maisha, na nitakueleza kwa utaratibu nikiweza kutulia.

Mnunuzi hakuja. Ofisi ilipiga simu kwamba huko nje wamesitisha, tusipokee mwani mpaka watuarifu. Sikuwa na la kufanya. Wanawake walikuwa wameshavuna, wameshakausha, na viroba vimejaa mpaka uvunguni mwa vitanda. Wakaja ofisini kwangu wakaviweka barazani, kimoja juu ya kingine, mpaka mlango ukazibika nami nimo ndani. Nikatoa kichwa dirishani nikasema kampuni inasikitika. Bi Nasrin, mama yake Adila, akauliza kwa upole kabisa, "Sasa Rehani baba, huu tuuunge kwa nazi?"

Walicheka wote. Mimi nilishindwa. Nilikuwa najiona mjanja kwa kulisifu zao lisiloliwa, na hili hapa mbele yangu, mlima mzima, na hakuna hata kijiko kimoja cha kumlisha mtoto. Huko kwenu mtu hakosi wali bali anakosa bati. Huku ana bati, na mnunuzi asipokuja analala na njaa chini ya bati lake.

Mchana Adila akanipitishia sahani ya wali na samaki changu wa kupaka kwenye dirisha lilelile, maana mlango ulikuwa bado umezibwa. Nikamwuliza, "Mimi ndiye niliyekataa mwani wenu, unanilishaje?" Akasema, "Kampuni ndiyo iliyokataa. Wewe una njaa." Akaondoka kwenda kuwapelekea wenziwe.

Dada, nilikula nikilia kidogo. Pilipili pia ilichangia.

Basi Ijumaa nikawatuma wazee wakanipelekea posa. Haya, umefurahi? Adila kakubali. Kakubali kabla wazee hawajamaliza kukohoa. Lakini Bi Nasrin ana sharti. Mahari hakuna tatizo, kaomba kitu chepesi. Sharti ni kwamba mchele wa walima, ile karamu ya harusi, utoke shambani kwetu. Wa dukani hautaki. Nikamwambia bonde ni letu, ila huenda akalima mwenye trekta. Je, mpunga ule si ni wa kwetu? Akanitazama. "Ukimwazima mtu kanzu yako akaenda nayo harusini, wewe umekwenda harusini?"

Kwa hiyo nataka kulima. Mimi mwenyewe. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo, na naliandika hili kwa wino.

Tafadhali niambie hujampa mkono Kibwana.

Rehani


Fukayosi
3 Machi 2024

Rehani, mdogo wangu, bwana harusi,

Marahaba mara tatu, moja kwa kila shikamoo.

Nimempa mkono Kibwana.

Barua zetu zimepishana hapa mlangoni, yangu ilikuwa bado inamngoja Ausi alipoingia na yako, labda zilisalimiana. Nilipoisoma yako nilikaa chini pale ukumbini. Mama akaniuliza nani kafa. Nikasema hakuna aliyekufa, Rehani anaoa, na anataka kulima, na bonde nimeshalitoa. Mama akapiga kigelegele kwa la kwanza, akaketi kwa la pili, na kwa la tatu akasema, "Mmekubaliana lini kupinduana hivi?"

Nilikwenda kwa Kibwana kujaribu kurudi nyuma. Hakunikasirikia, ila trekta lake limeshapita. Bonde letu limegeuka jekundu lote kutoka mpaka hadi mpaka. Nilisimama nikalitazama, na sitakuficha, liliniuma kidogo, halafu nikaona mashine yetu ya maji ikishushwa kwenye toroli, na likaniuma kidogo tena kwa namna nyingine, ile ya furaha. Moyo wa mtu ni mpana, unaweka vyote viwili.

Limebaki shamba moja bondeni ambalo halijaguswa. Unalijua ni la nani.

Nikajitanda khanga vizuri, nikaenda. Nilidhani atanifukuza na mkwaju. Nikamweleza habari ya Adila, na Bi Nasrin, na sharti. Mjomba Majaliwa akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyo mama ana akili." Kisha akasema, "Nusu ya shamba langu, upande wa mnazi, ni ya Rehani mwaka huu. Atavuna yeye na atapeleka yeye. Ila aje mwenyewe kushika jembe. Mimi nitakaa kwenye kiti changu cha ngozi, nimtazame."

Njoo Jumamosi hii, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, watu bado wanaweza kula mchana. Watu wapo. Nimewaambia ni ujima, na wote waliopaliliwa wamesema watakuja, Bi Ashatu wa kwanza.

Leta glavu kama unazo. Utazihitaji.

Somoe


Mlingotini
17 Machi 2024, Ramadhani

Dada Somoe,

Shikamoo, na saumu njema kwenu. Mama nasikia anafunga na goti lake lote, mwambie apunguze tarawehe.

Naandika kwa vidole viwili, vingine vina malengelenge. Nimerudi hapa nikionyesha viganja barazani kama mtu aliyetoka Hija. Wanaume wenzangu wananipa heshima. Adila hanipi hata kidogo, maana alikuwepo.

Sikukwambia kwamba na watu wa huku wangekuja. Mimi mwenyewe sikujua. Nilipofika stendi kuulizia basi, nikakuta lori dogo ambalo Bi Nasrin kalikodi kwa viroba vya chumvi na nazi, na wanawake wa mwani wamejaa nyuma na majembe ya kuazima. Adila akasema, "Tunakwenda kuona kama mchele unaota kweli au mnatudanganya." Uliona ulivyokuwa umati ule ulipokutana na watu wako. Uliona nyimbo zilivyoshindana, za pwani na za bondeni, mpaka zikachanganyika na hakuna aliyejua mwitikio ni wa nani. Uliona Adila alivyomaliza mstari wake na kurudi kunisaidia wangu. Hayo sina haja ya kukueleza.

Lakini kuna moja hukulisikia. Ulimwona Mjomba akiinuka kitini. Alinijia pale nilipokuwa nimeinama, akatazama mistari yangu ilivyopinda, akanong'ona, "Ulipokuwa unanichukia ulikuwa unalima vizuri kuliko hivi."

Dada, nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope. Naye akacheka, na meno yake yale matatu, akaninyang'anya jembe na kuninyooshea mstari mmoja. Mmoja tu, kisha akashika kiuno akarudi kitini. Hatukuongea zaidi ya hapo. Nadhani tumemaliza.

Habari nyingine: mnunuzi amerudi. Viroba vyote vimeondoka barazani, na kila mtu kapata chake. Nilipofungua mlango ulionekana mkubwa ajabu. Kazi naendelea nayo, usije ukadhani nimegeuka mkulima kabisa. Ila nimewaambia ofisini kwamba wanawake wanataka kuarifiwa kabla ya kuvuna, si baada. Wamesema watafikiri. Nimewaambia wafikiri haraka.

Ndege wakianza kuushambulia mpunga niite nije kuamia. Kupiga kelele nakuweza, Mama ni shahidi.

Rehani


Fukayosi
22 Septemba 2024

Mdogo wangu Rehani, na wifi yangu Adila, maana sasa barua ni ya wawili,

Marahaba, na wifi nakusalimu. Tumefika salama kutoka harusini. Lori liliharibika kidogo pale Makurunge, wanawake wakashuka wakacheza ngoma barabarani mpaka likawaka. Mama anasema hajachoka, na kalala tangu jana.

Bamia zinaendelea. Mjomba Majaliwa kaja kwenye bustani akataka aingizwe katika chama chetu. Bi Ashatu akamwonyesha ndoo. Akaenda kuteka maji, na mkwaju wake kautundika kwenye mkorosho. Kibwana naye kavuna, lori limejaa, na katuuliza habari ya mwakani. Tumemwambia nusu. Nusu nyingine tunalima wenyewe. Wewe na mkeo mna mistari yenu humo, na ukiipinda shauri yako.

Sasa nikupe habari ambayo hukuiona, Rehani, maana ulikuwa msikitini unaozeshwa na sisi tulikuwa uani tunapika.

Tulipofungua gunia la kwanza, Bi Nasrin akaja akachota mchele kwa kiganja. Akaunusa. Ule wa kwetu una harufu yake, unajua, kama majani yaliyonyeshewa. Wanawake wote wakamtazama, hata waliokuwa wakikuna nazi. Akauliza, "Huu kalima mwanangu Rehani?"

Nikasema, "Kalima mistari iliyopinda. Iliyonyooka kalima binti yako."

Kicheko kilichotoka pale nadhani mlikisikia msikitini. Tulipotulia nikamwuliza kwa nini aliweka sharti lile, na duka liko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Akawa anapeta mchele kwenye ungo, hakunitazama. Akasema, "Mdogo wako amekuja hapa peke yake, ana kazi, ana simu, ana maneno mazuri. Lakini sikuwahi kumwona mtu wa kwao hata mmoja. Mchele wa duka kila mtu anaweza kuuleta. Huu ni lazima watu wakubali kuinama kwa ajili yako. Nilitaka kujua kama ana watu." Akamwaga mchele kwenye sufuria. "Mbona anao wengi hivi? Tutawalaza wapi?"

Tulilala popote, na tulikula mpaka ukoko.

Asubuhi yake, nyie bado mmefungiwa chumbani mwenu, maji yalikuwa yamekupwa, wenzake Adila wakanichukua kunionyesha shamba lao. Mimi nimezaliwa karibu na bahari na sijawahi kuiingia zaidi ya kifundo cha mguu. Nikapandisha khanga. Maji yakafika magotini, ya vuguvugu, na chini mchanga unakwenda wenyewe. Kamba zimenyooka kutoka kigingi hadi kigingi kama mistari ya shamba, na mwani umening'inia. Wakanipa kamba tupu na mbegu, yaani vipande vya mwani mbichi, wakanifundisha kufunga. Nikawa nakaza sana. Mmoja akasema, "Taratibu, wifi, si mbuzi huyo." Nikafungua, nikafunga tena, mpaka kamba ikajaa. Wakasema hiyo ni yangu. Wataitunza, na ikikua watanivunia na wao, kama sisi tulivyowavunia mpunga.

Nikawauliza, "Na ukishakwenda huko nje unafanywa nini?"

Kila mmoja akawa na lake. Mmoja akasema wanatengenezea aiskrimu. Mwingine akasema hapana, dawa ya meno, kamsikia mtaalamu kwa masikio yake.

Nilifikiri hilo nikiwa nimesimama pale. Mpunga wangu namjua kila anayeula, najua nani hapendi ukoko na nani anaongeza chumvi. Lakini huu utakwenda kwa mtu nisiyemjua, nchi nisiyoijua, ataamka asubuhi apige mswaki na asijue kwamba kuna Somoe wa Fukayosi aliyekaza kamba mpaka akachekwa. Nilitegemea nisikie huzuni. Sikuisikia. Jua lilikuwa linapanda, wanawake wanaimba, maji yanarudi taratibu. Nikainua mikono palepale majini nikamwombea mtu huyo, popote alipo, meno mema.

Dada yenu,
Somoe